Suruali za Ulaya Zinaniangushia Kiwanda

Kwa Mhariri Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Nsambya, upande wa nyumba za reli, kwa mtu ambaye kwa haki wewe ndiye ungepaswa kumwandikia. Mimi ni Okinyi, Mkurugenzi Mkuu wa Kiwanda cha Nguo cha Okinyi, chenye cherehani mbili: moja inafanya kazi, nyingine inaipa moyo.

Uchumi naujua. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu ilikuwa inanichelewesha, lakini juzijuzi nilihudhuria mkutano wa maprofesa katika hoteli moja ya Nakasero, tangu asubuhi hadi chai ya jioni. Ni kweli nilikuwa juu ya ngazi nikishona pazia lililochanika, ila masikio hayatozwi kiingilio. Profesa mmoja akasema nchi inayouza pamba na kununua shati itabaki "inayoendelea" mpaka kiama. Nusura nianguke na pazia. Alikuwa ananisema mimi! Nami naendelea tangu nivuke mpaka wa Busia nikiwa kijana, na sijafika.

Ndiyo maana nalalamika rasmi dhidi ya nguo kuukuu za Ulaya, hizi tunazoziita mivumba, na kuomba, kupitia gazeti lako, serikali izipige marufuku kabla kiwanda changu hakijafungwa. Sababu ni hizi:

1. Pamba yetu inaondoka hapa mbichi, inazunguka Ulaya, inavaliwa arusini na mazishini, kisha inarudi kutuuzia uzoefu wake. Shati hilo limeona theluji. Mimi mwenye kiwanda sijavuka Nakuru.

2. Jirani yangu Ojera, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa kambi ya Mbuya, amemwaga marundo ya mivumba ng'ambo ya njia, mbele ya mlango wangu. Kutwa anaita wateja kwa sauti ya gwaride: "Kuja hapa! Nguo ya Ulaya! Mwenyewe alikufa, shati bado hai!" Mteja akigeuza shingo kunitazama, anaongeza: "Ile ya Okinyi iko na mkono moja ya kwenda Jinja na ingine ya kwenda Masaka." Huo ni ushindani usio wa haki, hasa kwa kuwa ni kweli.

3. Nguo hizo zimekatwa kwa vipimo vya matumbo ya Wazungu. Mtu wetu akivaa suruali inayomlegea anaona aibu, anaanza kula ili aijaze. Akila sana, nyanya za soko la Nakasero zinapanda bei. Nyanya zikipanda, mishahara haitoshi, wafanyakazi wanagoma, shilingi inaanguka, na maprofesa wanarudi hotelini kwa mkutano mwingine. Mfumuko wote wa bei, Bwana Mhariri, unaanzia kiunoni.

4. Kwa hiyo mpaka ufungwe, na sheria itamke kwamba kila waziri na kila askari atavaa shati la Okinyi. Uwezo ninao. Niliwahi kumshonea kanali mmoja koti lililonyooka hata akashindwa kukaa. Alisimama sherehe nzima, wakubwa wakadhani ni nidhamu, wakampandisha cheo. Jeshi litasubiri kidogo bila mashati, nakubali, lakini viwanda havijengwi na watu wenye haraka.

Nisalimie wapiga chapa wako wote, pamoja na yule mlinzi wa langoni aliyenizuia nilipotaka kukuona ana kwa ana. Kola yake imekaa vibaya. Mwambie aje.

Wako katika ujenzi wa viwanda,
Okinyi
(Nsambya wote huniita Anko)

Nyongeza: Mke wangu Nafuna hupitia barua zangu kabla hazijatoka. Amesoma hii, akauliza, "Baba, hizi suruali zote zinazoning'inia hapa zikingoja kukatwa miguu, zimetoka wapi?" Zimetoka kwa Ojera. Yeye anauza, mnunuzi anakanyaga pindo, anavuka njia kuja kwangu. Nimetafuta shati jipya nililoagizwa mwaka huu, nikakumbuka moja tu, na aliyeliagiza ni Ojera mwenyewe, kwa kwanjula, sherehe ya binti yake kumtambulisha mchumba nyumbani, maana alikataa kupokea wakwe akiwa ndani ya nguo ya marehemu. Aliivaa mikono yote miwili, ule wa Jinja na ule wa Masaka.

Basi ukichapisha, punguza kidogo: mashati yafungiwe, suruali ziingie. Hasa za Waholanzi. Mungu aliwapa wao miguu mirefu, mimi akanipa mkasi.