Masale ya Mita Sita

Jumatatu, 3 Machi
Wapimaji wamepita. Barabara ya Himo inapanuliwa, njia nne. Jirani yangu Mwalimu Leodegar kapigwa X ya kijani, maana yake atalipwa fidia. Kwa banda la ng'ombe! Tangu asubuhi anasalimia wapita njia kama vile ramani kachora yeye. Mgahawa wangu, nilioujenga kwa kukaanga vitumbua, umekosa fidia kwa mita mbili. Mimi nitalipwa vumbi.

Jumatano, 5 Machi
Hesabu ni rahisi: baraza la mita tatu mbele, nami nimo. Nimejenga sita. Kwa nini nijipunje? Bati kuukuu, lionekane la enzi. Leodegar alipokwenda kanisani kupakwa majivu ya Kwaresima, nikang'oa masale yake, ile mimea ya mpaka wetu, nikayapanda mbele ya baraza. Mchagga gani atabishana na masale? Majivu nitapakwa mwakani.

Ijumaa, 7 Machi
Mpimaji mkuu, kijana anaitwa Filbert, kaniamkia vizuri, akauliza masale yana umri gani. Nikasema aliyapanda babu wa marehemu mume wangu. Akapima. Akasema basi tumekaa ndani ya hifadhi ya barabara, ardhi ya serikali, miaka yote hiyo, na kwa kuwa paa ni moja, mgahawa mzima ni wa kuvunjwa. X nyekundu! Bila fidia! Mita tatu zingetosha.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwambia Filbert masale yalihamishwa; anataka shahidi kwamba mpaka ulikuwa kwingine. Shahidi ni Leodegar tu. Kumwomba yule! Nikachuma jani la isale, nikampelekea kuomba msamaha. Akaligeuzageuza.
"Mama Doris, hata hili jani ni la kwangu."
Lakini aliyepelekewa isale hakatai, hata akiwa Leodegar. Kanitolea ushahidi, tena kwa sauti ya darasani, mbele ya wateja wangu: alirudi kutoka kanisani na majivu usoni, akakuta mashimo.

Jumatatu, 10 Machi
X imefutwa. Baraza nimelivunja mwenyewe. Masale nimeyarudisha mpakani, Leodegar kakaa kwenye kiti ananielekeza, mara kushoto, mara kulia. Mwalimu hastaafu.
Ila mteja mmoja kasema barabara ya mchepuo itapita Kahe. Nina kishamba cha mpunga kule. Miche kadhaa ya masale nilibakiza, iko kwenye ndoo. Kahe kuna joto, lakini nikimwagilia itashika.
Safari hii mita tatu tu. Tuseme nne.