Yah: Ombi la Kurudishiwa Ugonjwa wa Vidole Viwili

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni Gerson Matonya wa Kongwa, mzee niliyeletwa hospitalini kwako mwezi wa pili na mkono wa kulia uliopooza kwa kiharusi. Namlalamikia mtaalamu wenu wa mazoezi tiba, dada Violeth, kama ifuatavyo:

1. Nilikuja na mfuko mkubwa wa kubebea dawa. Kwake sikupata hata kidonge. Alisema mkono wangu haujafa, ila ubongo umesahau njia ya kuufikia, kwa hiyo lazima tuukumbushe kila siku. Nilipanda basi na ugonjwa, nikashuka na kazi.

2. Aliagiza niminye kitu laini mara thelathini, asubuhi na jioni. Mke wangu Emiliana akanikabidhi mbuzi. Nimemkamua miezi minne, na sasa hataki mkono mwingine. Jumapili ananifuata kanisani, anasimama dirishani na kulia mpaka mchungaji anakatisha mahubiri. Waumini wananishukuru, lakini mimi naona aibu.

3. Hili ndilo kubwa. Mkono ulipolala nilikula kwa kushoto, na mkono wa kushoto hauingii kwenye sinia la watu. Nikatengewa sahani yangu na kijiko, peke yangu, kule mlangoni. Nyama yangu hakuna aliyeigusa. Sasa vidole vimefunguka, Emiliana ameniona nikimega tonge, sahani imeondolewa. Nimerudishwa kwenye sinia na shemeji yangu Joel, mtu anayemeza ugali wa moto bila kutafuna. Tangu hapo nyama naiona kwa mbali tu.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe ugonjwa. Si wote, nisionekane mroho: gumba na kidole cha shahada vinatosha. Ikishindikana, Joel apewe mazoezi ya kupunguza kasi.

Nasubiri jibu kwa heshima. Nisalimie wauguzi, mlinzi wa getini, na yule mama mfagiaji aliyenidaka nilipoteleza.

Wako katika malalamiko,
Gerson Matonya

N.B. Emiliana ameisoma barua hii, akauliza mbona sikuandika kwamba siku ile niliponawa mkono wa kulia na kusogea kwenye sinia, nililia mbele za watu. Ni kweli, nililia. Nyama ya mlangoni haikuwa na ladha hata siku moja. Joel aliacha kula, akanisogezea pande lake. Tafadhali msimhamishe Violeth. Na vidole, naomba viachwe vyote vitano.