Dolby Yangu, DTS ya Shemeji

Jumatano, 4 Machi 2009
Siku nzima dukani Ngara, nikiuza spika. Miguu inauma. Daktari Kanyiva, yule wa meno pale Adams Arcade, anataka chumba cha sinema nyumbani kwake. Kazi kama hii sijaiona tangu mwaka juzi. Shida ni Abdalla, kaka yake mke wangu, ambaye duka lake linatazamana na langu. Amemwambia daktari achukue aina ya sauti iitwayo DTS-HD. Mimi nimemwambia Dolby TrueHD. Watengenezaji wanasema zote mbili hazipunguzi hata chembe ya sauti ya studio. Lakini mimi nasikia tofauti, na kwa miezi mitatu nimewaeleza wateja tofauti hiyo. Daktari atakuja kwangu Jumamosi asikie mwenyewe. Abdalla amejialika.

Ijumaa, 6 Machi
Mpango uko tayari. Zamu ya DTS ikifika, nitapunguza sauti kidogo. Rimoti itakuwa ndani ya mkono wa kanzu. Mke wangu Rumaisa ameuliza kwa nini nakunywa chai nikiwa nimenyoosha mkono. Nimesema ni bega.

Jumamosi, 7 Machi
Sina nguvu ya kuandika. Daktari alisikiliza Dolby amefumba macho. Ikaja DTS, nikanyoosha mkono. Akafumbua macho, akauliza mbona hii iko chini. Nikasema ndivyo ilivyo. Akainama, akasoma kioo cha amplifaya. Kiliandika DTS tu, na niliporudisha ile ya kwanza, Dolby Digital tu. Akauliza hiyo HD iko wapi.

Abdalla akachungulia nyuma ya mashine, akaniangalia. Nikaelewa. Nilikuwa nimeunganisha kwa ule waya wa mwanga wa zamani, ambao haupitishi sauti kamili ya aina yoyote. Lazima waya wa HDMI. Miezi mitatu nimesikia tofauti ya vitu ambavyo havikuwepo.

Nikangoja anianike. Akapangusa vumbi mikononi.

"Daktari, kosa ni langu," akasema. "Niliazima waya mzuri wa shemeji, sijaurudisha."

Hajawahi kuazima kwangu hata bisibisi.

Jumapili, 8 Machi
Daktari amepiga simu. Kazi tufanye sote wawili. Nimempelekea Abdalla sambusa. Nilitaka kusema asante, nikasema mvua imechelewa. Akakubali kwamba imechelewa.

Jumapili, 15 Machi
Chumba cha daktari kimekamilika. Waya ni ule unaotakiwa, na kioo kinaandika majina yote mawili kamili. Abdalla akataka tujipime, sauti zikiwa sawa, tumeelekea ukutani, daktari akibadilisha. Mara kumi, tutaje ipi ni ipi. Abdalla alipatia tano, akasema yeye hasikii tofauti yoyote. Rumaisa, aliyetuletea chakula, akasema ni sauti ileile, na chakula kinapoa. Mimi nilipatia tatu.

Nimewaza njia nzima hadi nyumbani Dagoretti Corner. Mapazia ya daktari ni mazito mno, yanameza Dolby. Kesho nitamshauri ayatoe. Na Jumanne nampeleka Rumaisa akapimwe masikio.