Kitufe cha Arobaini na Nane

Jumapili, 2 Machi

Siku yangu ya kwanza kwenye kiti cha mitambo. Nimetoka hai. Sijui vipi.

Kiti chenyewe kina mto. Kiko nyuma kabisa ya kanisa, karibu na feni, na ukikikalia hakuna anayekutuma kupanga mabenchi. Mimi nimepanga mabenchi miaka minne. Basi wiki iliyopita Mzee Nicanor, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alipouliza ni nani anayeijua miksa mpya, mkono wangu ukapanda juu wenyewe. Nikasema nimesomea sauti. Si uongo mtupu. Kuna mwaka nilibeba spika kwenye mkutano wa kampeni Miritini, na nikaelekezwa pa kuziweka.

Leo nimekaa mbele ya mtambo wenye vitufe sabini na viwili. Nilivihesabu wakati wa maombi. Kila kimoja kina neno la Kiingereza. Kiingereza nakijua, naandika orodha za makontena bandarini Kipevu mwaka wa sita sasa. Lakini maneno haya yakikaa juu ya mashine yanageuka sura. Yananitazama.

Safu ya juu imeandikwa GAIN. Faida, bila shaka. Nikavifungua vyote hadi mwisho. Kanisa lisipate hasara.

Mchungaji akasema, "Bwana asifiwe," na spika zikapiga yowe. Yowe! Kama breki za trela pale mzunguko wa Changamwe. Watoto wakalia. Mama mmoja akaanza kukemea pepo.

Kutoka benchi la tatu, Kahindi, fundi wa redio wa Magongo, akaniambia polepole kwamba hiyo ni feedback, nipunguze gain. Nikamjibu kwamba maoni yatapokelewa baada ya ibada. Akanitazama kwa muda mrefu.

Yule mtu anajua. Anajua kwamba sijui. Jasho hadi kwenye soksi.

Jumatatu, 3 Machi

Balaa. Roseline, kiongozi wa kwaya, amenipigia nikiwa kazini. Kwaya itarekodi nyimbo zake Jumamosi saa nane mchana, hapo hapo kanisani, na mimi ndiye nitakayerekodi.

Nikauliza kwa nini haraka hivyo. Akanieleza. Mama Kafedha ana uvimbe kwenye koo. Jumatatu ijayo anapasuliwa. Madaktari wamesema uvimbe utatoka, lakini sauti hawaiahidi.

Mama Kafedha! Miaka thelathini ndiye anayeanzisha nyimbo. Akianza yeye, hata wanaume walio nje kwenye pikipiki huzima injini. Na sauti hiyo haijawahi kurekodiwa, isipokuwa kwenye simu ya mtu, katikati ya arusi, mbwa akibweka.

Roseline akauliza kama nitaweza. Nikasema bila wasiwasi wowote. Kisha nikaenda kukaa nyuma ya kontena la mchele. Dakika ishirini.

Jumanne, 4 Machi

Kahindi alinisimamisha njiani. Akanisalimu vizuri, akauliza hali yangu, ya kazi, ya nyumbani. Ndiyo desturi yake, hana pupa. Mimi kila salamu ilinichoma kama sindano. Mwishowe akasema amesikia kuna kurekodi. Ni siku gani? Angependa kuja kusaidia kidogo.

Kusaidia! Akija, atagusa kitufe kimoja tu na watu wote wataona tofauti. Nitarudi kwenye mabenchi.

Nikamwambia ni Jumapili, baada ya ibada. Hata sikupanga kusema hivyo. Akashukuru. Akasema ni heri, maana Jumamosi ana matanga ya mjomba wake kwao Kaloleni.

Nimepona. Nikarudi nyumbani kwa njia ya kuzunguka, nisikutane naye tena.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi ya kwaya jioni. Roseline alikuja na daftari na kuomba nimfundishe maneno ya miksa, ili siku nikikosekana kazi isisimame.

Akaweka kidole kwenye PAN. Hilo nalijua, liko kila jikoni. Nikamwambia hapo ndipo sauti hukaangwa kidogo isitoke mbichi. Akaandika. Akauliza wanaume wa besi wakaangwe kiasi gani. Nikasema hadi rangi ibadilike. Akaandika hilo nalo, lakini kalamu ikawa inakwenda polepole.

Mama Kafedha alikuwa ameketi kando na kitambaa shingoni. Haimbi mazoezini, anaihifadhi sauti. Akaniita kwa mkono na kuniambia karibu kwa kunong'ona kwamba anafurahi ni mimi, kijana wa mabenchi, kwa sababu huwa namwekea benchi lisiloyumba.

Sikuweza kumtazama usoni.

Alhamisi, 6 Machi

Maikrofoni mbili za kurekodia zimefika. Zimeazimwa kutoka kanisa la Kiembeni. Nyembamba, za fedha, ziko kwenye sanduku lenye mahameli kama vito vya bibi arusi. Juu ya sanduku kuna karatasi: zinahitaji PHANTOM POWER, 48V.

Nikaitazama miksa. Pembeni kabisa kuna kitufe chekundu ambacho sikuwahi kukigusa. +48V. PHANTOM.

Mwenye nyumba wangu, Bi Jalila, ana kamusi ya binti yake. Nilimkuta akikanda unga wa kufuturu. Nikafungua ukurasa. Phantom: mzuka, kivuli cha mfu. Power: nguvu.

Nguvu za mzuka! Kanisani!

Bi Jalila akaona nimegeuka rangi, akauliza kulikoni. Nikamsomea. Akafuta mikono kwa kanga, akafikiri.

"Mwezi huu mashetani yote yamefungwa minyororo," akasema. "Hilo lenu limepita wapi?"

Na hata tukiacha mzuka, kuna 48V. Volti arobaini na nane ni stima. Stima inayopanda kwenye waya hadi kwenye maikrofoni. Na Mama Kafedha akiimba hukaribia maikrofoni hadi midomo inaigusa. Ana miaka sitini na tisa. Ana dawa za presha.

Taa ya bafuni leo sikuizima mimi. Nilimwomba mtoto wa jirani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechukua hatua. Saa sita nimeomba ruhusa kazini, nikaenda kanisani na utepe mweusi wa mafundi wa stima, nikakifunika kitufe chekundu. Tabaka tatu. Mzee Nicanor akanikuta. Sikutaka kumwambia, lakini nilipoogopa mdomo ulifunguka. Nikamweleza maana ya lile neno.

Mzee Nicanor alifanya kazi bandarini miaka mingi, si mtu wa kushtuka. Alishtuka. Akasogea hatua mbili nyuma na kuuliza kwa nini sikusema mapema. Nikasema nilikuwa nachunguza. Akanisifu kwa kuwa macho. Akaweka mkono juu ya utepe, akauondoa upesi, akaomba akiwa mbali.

Najisikia shujaa. Shujaa mwenye kuhara, lakini shujaa.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika yote.

Saa nane kamili kwaya ilikuwa imesimama, sare za zambarau, wote thelathini na moja. Mama Kafedha mbele, kitambaa kimetolewa shingoni. Roseline akanipa ishara. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Mama Kafedha akaanza.

Sindano za miksa zinazoonyesha sauti hazikusogea. Hata moja.

Nikainua kila kitu. Faida yote, vikaango vyote. Kimya. Nikachomoa nyaya nikazichomeka tena. Kimya. Maikrofoni zilikufa kama mawe. Na zile za kawaida Mchungaji amekwenda nazo kwenye mkutano wa injili Mariakani!

Roseline akasimamisha wimbo. Akaja. Akauliza taratibu kuna nini. Nikasema mitambo inapata joto. Tukangoja. Tukajaribu tena. Mama Kafedha akaanza tena, na safari hii sauti ilikwaruza mwishoni, akashika koo. Kila mtu aliona. Nikaelewa kwamba sauti hiyo ina nyimbo chache zilizobaki, na mimi nimekwisha kumwaga mbili chini.

Hapo nilitoka nje, nikasimama nyuma ya tangi la maji, nikampigia Kahindi.

Nilisikia watu wakilia upande wake. Alikuwa matangani. Nikasema yote kwa pumzi moja.

"Kwani si uliniambia Jumapili?" akauliza.

Nikasema nilidanganya. Neno hilo lilitoka kavu, kama mfupa.

"Haya, hayo ya baadaye. Iko swichi imeandikwa arobaini na nane?"

Nikasema iko, lakini nimeifunika kwa sababu ya mzuka. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akanieleza kama mtu anayemweleza mgonjwa. Maikrofoni za namna ile hazina betri, zinahitaji stima kidogo ili zisikie. Miksa inazilisha kupitia waya ule ule unaoleta sauti. Kwa kuwa chakula hicho hakionekani kikipita, wazungu wakakipa jina hilo. Hakifiki kwenye kinywa cha mtu. Shusha sauti zote kwanza, akasema, kisha bonyeza, kisha pandisha polepole.

Nikarudi ndani, simu bado sikioni. Nikabandua utepe. Watu wote walikuwa wananitazama, na Mzee Nicanor, aliponiona nabandua, akasimama na kusema kwa sauti ya bandarini kwamba kitufe hicho kisiguswe, mimi mwenyewe nilisema ni cha mzuka. Kwaya ikarudi nyuma. Mmoja wa soprano akatoka mlangoni.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe na hakikutaka kushuka. Kahindi anasema hakidhuru, lakini Kahindi yuko Kaloleni! Nikamwona Mama Kafedha akitikiswa na stima mbele ya wajukuu wake. Nikaona polisi. Nikaona gazeti.

Mama Kafedha alikuwa hajasogea. Peke yake mbele ya maikrofoni.

"Bonyeza, mwanangu," akasema. "Jumatatu wananikata koo. Unadhani mimi nitaogopa swichi?"

Nikashusha sauti zote. Nikafumba macho. Nikabonyeza kwa mpini wa ufagio.

Taa nyekundu ikawaka. Hakuna aliyekufa. Nikapandisha polepole, polepole, na kwenye spika ndogo nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: pumzi ya Mama Kafedha. Pumzi tu, kabla ya wimbo. Kisha akaimba.

Aliimba nyimbo nne bila kupumzika. Sauti ilikuwa na mkwaruzo chini yake, kama kitambaa kizuri kilichovaliwa sana. Roseline aliongoza huku machozi yanamdondoka kwenye sare. Sindano zilipanda na kushuka, na mimi nilizitazama kama mtu anayetazama moyo wa mgonjwa hospitalini. Wimbo wa nne ulipoisha nikakumbuka simu. Kahindi bado alikuwa hewani. Upande wake hapakuwa na kilio tena, watu walikuwa kimya.

Akasema nitoe flashi yenye nyimbo kwa uangalifu, na nisiguse kitu kingine chochote. Chochote.

Jumapili, 9 Machi

Mzee Nicanor amesimama mbele ya waumini na kutangaza kwamba Ndugu Elkana, yaani mimi, amepambana na nguvu za giza kwenye mitambo na kuzitiisha. Makofi. Nikasimama. Nilikuwa na nafasi ya kusema jina la Kahindi. Nafasi nzuri kabisa, ndefu, kila mtu amenyamaza. Nikasema utukufu wote ni wa Bwana. Makofi zaidi.

Kahindi alikuwa benchi la nyuma, amerudi alfajiri. Nilihisi macho yake shingoni ibada nzima. Nilingoja asimame aseme. Hakusema. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Baada ya ibada akaja, akanisalimu kwa utaratibu wake wote, akanipa karatasi. Mwandiko safi. Gain ni nguvu ya sauti inapoingia, si faida. Feedback ni spika na maikrofoni kurudishiana sauti hadi zipige yowe. Pan ni kupeleka sauti kushoto au kulia. Na mengine kumi na sita. Akasema niyasome taratibu, nikikwama nimwite, hata kesho.

Nikamshukuru. Ni mtego, nina hakika. Meza ya mitambo inayumba, basi karatasi nimeikunja mara nne na kuiweka chini ya mguu wake. Sasa imetulia kabisa.

Roseline hajaniongelesha. Amelichana daftari.

Jumatano, 12 Machi

Habari njema. Mama Kafedha amepasuliwa salama. Roseline alikwenda kumwona. Mama haruhusiwi kusema wiki tatu, sauti itajulikana baadaye. Anasikiliza flashi siku nzima, manesi wamemwazima redio. Alimwandikia Roseline kwenye karatasi kwamba wimbo wa tatu wanaume walichelewa.

Nilifurahi hadi nikakaa chini.

Kisha simu ikalia. Mwinjilisti Dancun, wa kanisa moja la Mtongwe. Sifa zimevuka maji! Wamenunua projekta ya kuonyesha maneno ya nyimbo ukutani, lakini picha ni hafifu, mwanga hautoshi, na mtu mmoja kwao anasema tatizo ni lumeni. Je, mimi naijua lumeni?

Ningeweza kusema sijui. Neno lilikuwa mdomoni, fupi tu.

Nikasema lumeni ndizo nilizosomea.

Akafurahi sana. Nitakwenda Jumamosi, wamenitengea kiti cha mbele na chakula. Akasema projekta yao ina lumeni mia nane tu, akauliza kama wanunue nyingine kabla sijafika.

Nikamwambia wasihangaike, nitakuja na zangu.