Valvu ya Shaba Kando ya Viti vya Wazee

Jumatatu, 3 Februari

Wiki ya tatu bila Jeruto. Nyumba baridi. Nimekula mkate mkavu nikiwa nimesimama, maana kuketi mezani peke yangu siwezi.

Niandike kwa haki jinsi alivyoondoka. Pampu ya maji taka ya ploti yetu hapa mtaa wa Pioneer, Eldoret, ilikuwa inasukuma polepole. Mimi nauza pampu na valvu dukani kwa Farah, kwa hivyo nikajitolea. Nikafungua bomba, nikakuta mpira mweusi umekaa ndani. Nikadhani ni mpira wa watoto umekwama. Nikautoa! Baadaye nikaambiwa mpira ule ndio valvu yenyewe. Maji yakisukumwa unainuka kuyapisha, yakitaka kurudi unashuka na kuziba tundu. Kufikia hapo yalikuwa yamesharudi. Ya ploti nzima, kupitia choo chetu, siku Jeruto alipokuwa amekaribisha chama chake cha kuweka akiba. Akina mama walitoka wamebeba viatu mkononi.

Jeruto hakupiga kelele. Alisema tu kwamba aliniambia niulize kwanza. Kisha akaenda kwao Ainabkoi. Mpira bado uko juu ya kabati. Sijui kwa nini siutupi.

Lakini leo amepokea simu! Amesema pampu ya baba yake, Mzee Kipyego, inamtesa. Inavuta maji mtoni bondeni na kuyapandisha hadi kwenye tangi huko juu, karibu na josho la ng'ombe. Ikizimwa, maji yote yanarudi mtoni. Asubuhi ni yeye Jeruto anayeshuka na ndoo kuijaza kwa mkono, la sivyo haivuti. Amesema yanatorokea chini kabisa, kwenye mdomo wa bomba, ameyaona kwa macho yake. Nikamwambia asijisumbue na mambo ya kiufundi.

Jumamosi wazee wa pande zote mbili wanakaa kuamua kama atarudi kwangu. Nimeona njia. Mkwe aliyeleta maji atakataliwa na nani?

Jumanne, 4 Februari

Duka limepooza leo. Nimezipanga valvu zote kwenye kaunta nizitazame vizuri.

Ya mlango: ndani ina kibamba kinachoning'inia kwa bawaba. Maji yakienda yanakisukuma, yakigeuka kinajibamiza. Ya springi: springi inakirudisha kibamba mapema, kabla maji hayajageuka, kwa hivyo haina kelele. Ya mpira naifahamu, asante. Na ile ya chini, ndogo, ya kijivu, yenye chujio. Hiyo hufungwa kwenye mdomo wa bomba, ndani ya maji yenyewe, ili bomba lisibaki tupu hata siku moja.

Farah ni tajiri wangu na ana tabia moja mbaya: humhoji mteja kabla ya kumuuzia. Akanihoji hata mimi. Mlima una urefu gani? Bomba limelala au limesimama? Maji yanatorokea wapi? Nikajibu yote bila kujua hata moja. Akasema nauza dawa kabla ya kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Halafu akanyooshea kidole ile ya kijivu.

Ile ya kijivu! Nani atasifu kitu kilicho chini ya maji? Wazee watakuwa wamekaa kwenye viti. Watazame nini, mto?

Nimechagua ya mlango, ya shaba, ya inchi mbili, ina mfuniko juu na mshale ubavuni. Nimeisugua kwa dawa ya meno mpaka nikajiona ndani. Farah alisema bomba refu la mlimani na valvu ya mlango ni ugomvi mtupu, maana pampu ikizimwa maji ya mlima mzima yanashuka na kuupiga ule mlango. "Italia kama bunduki, waryaa," akaniita kwa Kisomali chake. Farah ni mtu wa hofu. Ile ya kijivu ameitia kwenye mfuko wangu kwa nguvu, akasema nimpelekee shemeji yake, yaani Jeruto.

Jumatano, 5 Februari

Habari mbaya. Shemeji Bridgit, dada yake Jeruto, amenipigia. Mumewe anampelekea Mzee pampu mpya Jumamosi asubuhi.

Bethwel! Bethwel hata akitaka kukohoa hugeuka pembeni kwanza. Kwenye harusi yangu alileta mtamba mwenye mimba. Kwenye yake nilileta saa ya ukutani, ikasimama kabla hatujakata keki. Mzee husema "Bethwel wetu". Mimi huniita "yule wa mjini".

Nimezunguka chumbani mpaka nikapata jibu. Alete tu. Pampu inasukuma, valvu inashikilia. Atakayeshukuriwa ni anayesukuma au anayeshikilia? Jasho la Bethwel, sifa zangu. Sijawahi kupanga jambo safi hivi.

Nimepata pia msemaji, baba mdogo Kimutai. Sikio la kushoto limekufa na la kulia linachagua, lakini akisimama kuongea watu hunyamaza. Sharti lake ni moja, akae karibu na chakula.

Usiku nalala upande wangu ule ule wa kitanda. Upande wake sijaugusa.

Ijumaa, 7 Februari

Nimetoka Ainabkoi sasa hivi. Vidole vimeganda, moyo umejaa furaha!

Nyumba ya Mzee iko katikati ya mteremko, mto chini, tangi juu. Bomba linapita kando ya ukuta wa sebule, pale pale wanapopanga viti vya wageni. Kana kwamba limepitishwa hapo kwa ajili yangu. Nikalikata, nikaifunga valvu yangu, mshale ukielekea tangini. Sikukosea! Yaani, mara ya pili sikukosea.

Jeruto alileta chai na hakuketi. Mikono yake imepasuka kwa maji ya baridi. Niliiona na ikaniuma sana. Nilitaka kusema kitu juu ya mikono ile. Nikaanza kumweleza jinsi bawaba inavyofanya kazi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama bomba linavyoteremka mpaka bondeni, akasema kwamba nikiiweka hapa, maji yaliyo chini yake bado yatarudi mtoni, na ndoo bado ni yake. Akaniomba nizime pampu tuone kwanza. Nikamwambia fundi anayejaribu kazi yake hajiamini. Akatazama mfuko, akauliza kile kingine ni nini. Nikasema ni kitu cha chini ya maji, si cha leo. Akakichukua akaenda nacho jikoni.

Nilipokuwa naondoka alisimama langoni. Nadhani alikuwa anaisifu valvu kimoyomoyo.

Jumamosi, 8 Februari

Ole wangu.

Asubuhi ilianza vyema. Bethwel alifika na pampu yake, mashine ya petroli yenye nguvu za ajabu, akaiteremsha bondeni mwenyewe, akaijaza maji, akaiwasha. Maji yalipanda mlima mbio. Nikajipanga kando ya valvu yangu, mkono juu ya mfuniko. Mzee mmoja akauliza hicho kinachong'aa ni nini. Nikamweleza. Nikamweleza mpaka baba mdogo akanivuta koti.

Tukaketi. Baba mdogo alisimama, na sitasahau alivyoongea. Alisema kijana wao si mbaya, ana haraka tu, na haraka ni ugonjwa unaotibika. Mzee Kipyego alikuwa anaitikia kwa kichwa. Anakubali! Kisha akasema maneno yametosha, tumsikie mwenyewe. Jeruto akatoka, akasimama mbele yetu na leso yake ya buluu. Akanitazama. Akafungua kinywa.

Hapo ndipo Bethwel, kwa ile adabu yake, alipoona kelele ya pampu itamfunika shemeji yake asisikike. Akateremka taratibu kwenda kuizima.

Kimya. Nikasikia maji yakivuta pumzi ndani ya bomba. Halafu mlima wote ukashuka juu ya ule mlango.

PAA!

Hata sikio la kushoto la baba mdogo lilisikia. Aliruka na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, mkononi, na mursik yote ikaishia kwenye koti la Mzee Kipyego. Valvu iliendelea kubamiza, kila pigo na kishindo chake, kisha soketi ya bomba ikapasuka na maji ya tangi zima yakatumwagikia. Viti vikaelea. Ng'ombe wakavunja uzio wakaingia kwenye viazi. Jeruto ndiye aliyekimbia mpaka juu kufunga mfereji wa tangi. Mimi nilikuwa nimeikumbatia valvu kwa mikono miwili, nikiibembeleza inyamaze.

Aliporudi alikuwa na tope mpaka magotini. Mzee hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniua. Aliniuliza kwa upole, "Kijana, hii kitu uliijaribu?" Nikasema Bethwel aliizima vibaya. Bethwel mwenyewe aliomba msamaha!

Mzee akamwambia binti yake aseme neno lake, tope au hakuna tope. Jeruto alisema hana ugomvi na maji. Maji hukauka. "Lakini huyu mtu nikimwambia kitu, anangoja tu nimalize. Hasikii." Akasema atakaa kwao kwanza. Mzee akasema imesikika.

Nilirudi Eldoret na valvu ndani ya gunia. Baba mdogo alinigeuzia sikio la kushoto njia nzima. Alikuwa hajala.

Jumapili, 9 Februari

Sikuenda kanisani.

Bridgit amepiga kunipa pole. Ni mtu mwema na ulimi wake hauna breki. Amesema ni huruma, maana begi la Jeruto lilikuwa tayari tangu Ijumaa usiku, limefungwa, liko nyuma ya mlango. Jibu lake lilikuwa ndiyo. Alikuwa amefungua kinywa aliseme.

Nimekaa kitandani mpaka giza likaingia na sikuwasha taa. Inauma. Nimeutoa mpira juu ya kabati nikaushika muda mrefu, kisha nikaurudisha.

Jumatatu, 10 Februari

Farah amekuja dukani akitabasamu, jambo la nadra. Jeruto alimpigia jana kumuuliza jinsi ya kuifunga ile valvu ya kijivu. Bethwel amerekebisha bomba lililopasuka, halafu Jeruto akaingia mtoni mwenyewe akaifunga kwenye mdomo wa bomba. Leo asubuhi pampu imevuta mara moja. Bila ndoo. Mzee amesema binti yake sasa ndiye msimamizi wa maji na ng'ombe.

Nilienda nyuma, kwenye mabomba, nikalia kidogo. Farah akajifanya anatafuta spana. Baadaye akaja akasimama karibu, akasema kwa sauti ya chini: "Mpigie. Usimweleze chochote. Muulize tu hali yake, halafu nyamaza. Unaweza kunyamaza?" Nikasema naweza. Nikaapa. Nikaona wazi kabisa, kama ninavyouona ukurasa huu, kwamba miaka yote hii sijamsikiliza mke wangu. Nimelia tena nikiandika hivi. Kuanzia leo ni masikio matupu!

Jumanne, 11 Februari

Ajabu! Sikupiga mimi. Amepiga yeye! Jioni, nikiwa nafunga duka. Sauti ya chini, sauti yake ile ya zamani. Akasema, "Vincent, nina jambo moja tu nataka kukuambia."

Bahati iliyoje, maana nilikuwa na habari njema kuliko zote. Leo mchana lori limeleta valvu ya mlango ya inchi nne. Nne! Wanaume wawili waliibeba. Kosa la Jumamosi nimeshaling'amua: ile ya inchi mbili ilikuwa dhaifu, ndiyo maana ilipiga kelele. Kitu kizito hakitikisiki. Nikamwambia asubiri kidogo tu kwanza. Nikamweleza uzito wake, bawaba yake, na jinsi tutakavyoijengea msingi wa saruji pale pale kando ya viti, wazee wakiitazama, Bethwel akiitazama. Nikamweleza na rangi. Nilikuwa nimeongea vizuri kuliko baba mdogo.

Nilipomaliza nikamwambia haya, sema sasa. Simu ilikuwa imekatika. Mtandao wa Ainabkoi huo, baridi ikianza ni shida.

Nimejaribu kumpigia, hapatikani. Sijui lilikuwa jambo gani. Nitamuuliza Jumamosi nikifika na valvu. Rangi nimeshanunua, nyekundu.