Nilijifukiza Mara Mbili Kabla ya Kung'olewa Jino

Leo aibu imenipata mchana kweupe, mbele ya watu tisa na mbuzi mmoja. Naandika kwa sababu siwezi kuongea, nina pamba mdomoni. Na naandika haraka kwa sababu Nyangi yumo humu kwenye kundi letu la kwaya, na Nyangi alikuwepo. Nikichelewa atasimulia yeye, na mnamjua anavyoongeza chumvi. (Nyangi, usikane.) Herufi zikikosewa mnivumilie, mimi niliishia darasa la tatu.

Jino langu mnalijua. Gego la chini, kulia. Ugonjwa huu ulipoingia, kliniki ya meno kule Turwa ilifungwa, nikabaki na jino langu wiki tisa. Nimekula uji. Nimekula ndizi za kupondwa kama mtoto. Karafuu nimeweka mpaka ulimi ukafa ganzi. Nalala nimekaa. Juzi tukasikia wamefungua tena, ila kwa masharti: wagonjwa watano tu kwa siku, uwe umeandikisha jina, uvae barakoa, upimwe joto mlangoni. Mkamwana wangu Bhoke akapiga simu, nikapewa leo. Ukikosa siku yako unarudi mkiani mwa orodha, wiki tatu mbele. Wiki tatu! Jino lingenizika.

Bhoke alipokata simu akasema, "Mama, wamesema mtu asijifukize asubuhi ya kwenda. Mvuke unapandisha joto, kipimo kitadanganya."

Nikamwuliza, "Huyo aliyesema ana miaka mingapi?"

"Sikumwuliza, mama."

"Basi."

Mimi ndiye niliyeweka sheria pale nyumbani. Anayetoka mjini hakanyagi mlango kabla ya kuingia ndani ya blanketi na sufuria ya mikaratusi, mchaichai na limao. Hakuna mjadala. Wiki iliyopita Bhoke alitoka mnadani akasema kichwa kinamuuma, hataki mvuke. Nilimfunika mwenyewe, nikakalia pindo la blanketi. Alilalamika humo ndani, sikumsikiliza. (Mlikumbuke hilo blanketi, litarudi.)

Sasa niende kwa daktari, kwenye chumba ambamo watu wanaachama midomo siku nzima, bila kinga? Nikajifukiza alfajiri. Chai ilipokwisha hofu ikanirudia, nikajifukiza tena. Nikatafuna tangawizi upande ambao hauumi. Nikavaa kofia ya sufu, nikaivuta mpaka kwenye nyusi ili mvuke usitoke. Juu yake kilemba. Nikajiona nimejikinga kuliko waziri.

Kutoka Nyamwaga nikapanda bodaboda ya Marwa, nikamwambia, "Mura, kijana wangu, usigeuke kuongea na mimi. Nisikilize kwa mgongo."

Pale kliniki nikakuta ndoo ya maji na sabuni, na viti nje vimetawanywa kama watu waliogombana. Kila kiti na duara lake la chokaa. Nyangi alikuwa amekaa kwenye cha tatu, amemsindikiza mumewe. Tukapungiana mikono kwa mbali.

Mlangoni yuko nesi, binti wa watu, ana adabu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Una kikohozi? Mafua? Homa?"

"Nina jino."

"Umejifukiza leo?"

Hapo, ndugu zangu, ningesema kweli ningekuwa nimeshalala nyumbani saa hizi. Lakini nikaziona zile wiki tatu. Nikaona wanakata jina langu. Mdomo ukajibu wenyewe:

"Hapana."

(Mimi, mwenyekiti wenu wa kwaya. Hapana kavu, bila kupepesa.)

Akasema nivue kofia. Akanielekezea kile kipimo chao kama bastola, kwenye paji la uso. Kikalia. Akakitazama. Akanitazama. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Bibi, thelathini na nane na nusu."

Sikujua hiyo ni nyingi au kidogo, lakini wenzangu kwenye viti walijua. Wote walisimama pamoja kama tunavyosimama kwenye sala! Viti vikaburutwa. Mzee mmoja alikimbia na fimbo yake mkononi, wala hakuiegemea. Na tangawizi nayo ikaona ndiyo saa yake, ikanikwaruza koo. Nikakohoa. Mara moja tu! Lo! Waliobaki nao wakajisogeza mbali.

Nesi akanionyesha kiti kimoja kule pembeni karibu na uzio, kimepakwa rangi nyekundu. "Kaa pale bibi, tutakupima tena baada ya nusu saa. Ikiwa bado iko juu, itabidi tuwaite wa hospitali waje kukuchukua."

Kukuchukua. Mnajua neno hilo lilivyo kwa umri wangu? Nimesikia wanaochukuliwa wanawekwa jengo la peke yao na ndugu hawaruhusiwi kuingia. Nikaanza kuhesabu: ndama hajaachishwa, mahindi yako juani, blanketi langu zuri bado limelowa mvuke. Nikajiuliza kama kweli ni mvuke tu. Je, kama ninao? Nikajishika shavu, la moto. Nikajishika la pili, la moto pia. Moyo ukawa unapiga kwenye jino. Aliyebaki karibu nami ni mbuzi wa jirani, na yeye kwa sababu hakusikia matokeo.

Nikamwona Nyangi ameinua simu, ameniangalia, anaongea amejiziba mdomo. Nikajua habari imeshafika kijijini.

Basi nikapata akili. (Akili inayokuja ukiwa umedanganya huwa siyo akili.) Ng'ambo ya uzio kuna mama ana kibanda na friji. Nikamwita, "Mama, nisaidie soda, ile iliyoganda kabisa."

Akaiweka juu ya jiwe akarudi mbio. Sikuinywa. Niliibandika kwenye paji la uso. Ikaingia baridi mpaka kwenye ubongo. Nikaizungusha huku na huku, nikashikilia hapo nusu saa nzima, macho nimefumba, naomba Mungu asinisikilize sana maana nimetoka kusema uongo.

Nesi akaja. Nikaificha chupa chini ya kitenge. Akanipima. Akakitikisa kipimo, akanipima tena.

"Bibi... thelathini na mbili."

"Imeshuka," nikasema. "Mungu mkubwa."

"Bibi, mwenye thelathini na mbili hawezi kuwa anaongea na mimi."

Akaenda kumwita daktari. Daktari alitoka amevaa gauni la plastiki, mabuti, glavu, barakoa mbili na kioo usoni, kama mtu anayenyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Nikatamani niwe ng'ombe. Akasimama mbali kwa mita mbili, watu wote nao wamenyoosha shingo.

"Bibi, umejifukiza leo?"

Nikajibu polepole, ndani ya barakoa, "Kidogo."

"Sikusikii! Hiki kioo kinaziba. Ongeza sauti!"

"Kidogo."

"Bibi, kama ni homa ya kweli siwezi kukugusa jino, nakupeleka hospitali sasa hivi! Sema kwa sauti!"

Nikaona lile jengo la peke yangu. Nikasimama. Chupa ya soda ikateleza kutoka kwenye kitenge, ikadondoka, ikajiviringisha mpaka miguuni kwake. Nikapaza sauti ile ninayotumia kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde:

"NILIJIFUKIZA! MARA MBILI! NIKADANGANYA! NA HIYO CHUPA NILIIBANDIKA USONI!"

Hata mbuzi aliacha kutafuna. Kisha nikasikia kicheko kimoja kutoka kiti cha tatu. (Nyangi, nasema tena, usikane.)

Daktari aliinama, mabega yanatikisika. Sikuweza kuona uso wake, na hapo nikaelewa barakoa inasaidia nini. Akaniambia nikae kivulini bila kofia, bila chupa, bila chochote, nitakuwa wa mwisho. Niliwaona wanne wakiingia mmoja mmoja. Kila akitoka mtu, wanafungua madirisha, wanafuta kiti chote kwa dawa, wanasubiri, ndipo wanamwita mwingine. Kwa kweli usafi wao sikuukuta na kosa. Na mimi hukuta kosa kila mahali.

Kipimo cha tatu: thelathini na sita na nusu. Nikaingia. Wakanipa dawa ya kusukutua kwanza, sindano, nikafumba macho, na jino likatoka. Wiki tisa za mateso, limetoka kwa muda wa kumenya ndizi moja.

Daktari akanipa pamba. "Uma hii saa nzima, bibi. Usiongee, usiteme. Usinywe cha moto. Na leo usijifukize, tafadhali. Joto litaifungulia damu."

Nikatikisa kichwa. Nimejifunza kutii. Nikapanda kwa Marwa bila neno, mpaka akauliza kama bado nipo.

Sasa nafika nyumbani. Bhoke amesimama getini. Pembeni yake sufuria inatoa mvuke, blanketi liko mkononi.

"Karibu mama. Pole. Nyangi alipiga simu mara mbili, ya kwanza amesema umekutwa na homa kali. Ingia humu kwanza."

"Mmm! Mmm-mmm!" nikasema.

"Hata mimi wiki iliyopita nilisema hivyo hivyo."

Nikatoa simu, nikamwandikia ujumbe, nimesimama hatua tatu kutoka kwake: DAKTARI AMEKATAZA MVUKE.

Simu yake ikalia. Akasoma. Akaniangalia kwa heshima zote.

"Mama, ni daktari yupi huyo? Ni yule Nyangi anayesema ulimdanganya?"

Miaka kumi na miwili amekaa kwangu, hajawahi kuniuliza swali kama hilo. Nikarudi nyuma hatua moja zaidi.

Kwa hiyo hivi ninavyowaandikia niko nje ya geti, nimekaa kwenye kigoda, kuku wananizunguka. Bhoke anapiga simu kliniki kuuliza kama mama mkwe wake anasema kweli. Blanketi hajaliweka chini.

Jumapili tutaonana kwenye mazoezi. Atakayecheka, acheke ndani ya barakoa yake, na mabega ayatulize.