Magoti ya Kishindo

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa mifugo kaja. Binti wa juzi, buti hazina hata doa. Kamshika farasi wetu Kishindo goti la mbele, kalikunja, kalikunjua, kalitegea sikio kama anayesubiri simu ipokelewe. Kasema ni baridi yabisi. Haiponi, ila inatunzika. Kisha masharti: atembezwe taratibu kila siku, apunguzwe uzito, apewe unga wa maumivu kwenye chakula, asifungiwe bandani kutwa.

Nikamuuliza tangu lini mgonjwa wa miguu akatibiwa kwa kutembezwa. Kanijibu kwamba viungo ni kama bawaba, mlango usipofunguliwa unakaza. Na kaniita mzee. Nina miaka arobaini na tisa.

Nimeanza kazi hii nikiosha farasi wa watu. Leo nina mabanda yangu, kiwanja changu cha kufundishia upandaji, farasi wanne. Kishindo ndiye wa kwanza. Tulimnunua mimi na mke wangu, nusu kwa nusu, na hapo ndipo nilipojikaanga. Mke wangu kasema daktari akirudi mwisho wa mwezi akamkuta bado anachechemea, Kishindo anahamia kwa kaka yake, kwenye kiwanja cha mchanga, asipandwe tena na mtu. Nikamwambia nusu yangu haihami. Kasema sawa, nibaki na nusu ya nyuma.

Jumanne, 4 Machi

Nimepiga hesabu. Farasi ana miguu minne. Mibovu ni miwili ya mbele. Kwa hiyo Kishindo ni mzima kwa asilimia hamsini, na mzima wa asilimia hamsini hapelekwi kwa shemeji.

Dawa ni kupumzika, kila mwenye akili anajua. Nimemfungia bandani, nikamtandikia godoro la wageni juu ya majani makavu. Jioni nikamtoa. Katoka kama kabati linalobebwa na watu wanne wasioelewana.

Shemeji alikuwa ukutani, anaangalia. Huwa hana kazi? Kasema, "Shem, huyo anatembea kama mtu anayetafuta miwani yake sakafuni." Mke wangu kacheka. Halafu kaliona godoro. Hakucheka tena.

Jumamosi, 8 Machi

Unga wa maumivu. Nimeuchanganya na pumba. Kishindo kala pumba zote, kaacha unga pembeni mwa ndoo, kaukusanya vizuri kabisa, utadhani kafagia. Nikaongeza molasi. Nikaongeza pumba mara tatu ili unga upotee humo. Kala, unga kauacha tena, safari hii umegandia molasi.

Nimempima kifua kwa tepu. Kimeongezeka sentimita tatu. Tepu ni mbovu.

Shemeji kauliza kama namtibu au namnonesha.

Kuhusu bawaba: mimi bawaba huzipaka mafuta, sizitembezi. Nimechukua dawa ya kuchua ya mke wangu, ile ya mgongo, nikaimalizia yote kwenye magoti ya Kishindo. Kisha nikajifuta jicho. Nimeshinda kitandani na kitambaa cha maji usoni, na mke wangu kashinda ameinama kwa kukosa dawa. Kishindo peke yake ndiye aliyekuwa amesimama wima.

Jumatano, 12 Machi

Nimegundua kitu. Leo shemeji alikuja na kamba mpya ya kumchukulia Kishindo, eti anaizoesha mkono. Nikamtoa Kishindo kwa mlango wa nyuma, tukapita njia ya vumbi hadi kwenye hori la maji na kuzunguka uzio wote. Mwanzoni alichechemea mpaka nikaona haya mbele ya mbuzi. Baada ya nusu saa akanyooka. Anatembea kama zamani, kichwa juu, ananivuta mimi.

Nikaelewa. Ugonjwa ule ni mvivu. Ukiutembeza, unachoka kabla ya farasi.

Basi hila ni hii. Siku ya ukaguzi namtembeza kimyakimya kabla daktari hajafika. Atamkuta amenyooka, ataandika mzima, na shemeji ataifunga ile kamba kiunoni mwake aondoke. Lakini hila bila mazoezi ni upuuzi. Kuanzia kesho ni kila alfajiri, polepole, kwenye njia laini, nipate kujua anahitaji dakika ngapi kunyooka.

Alhamisi, 20 Machi

Nimechoka. Miguu inaniuma mimi sasa, na hakuna anayeniletea daktari.

Jambo ni lilelile: kumfumba macho yule binti. Tumbo lile angeliona tangu getini, kwa hiyo pumba nimezipunguza na molasi nimeificha. Kishindo kaning'ata kola ya shati kwa hasira. Unga nao nampa, ufiche maumivu. Natoboa karoti, naujaza humo, naziba kwa kipande cha karoti. Anameza bila kushuku. Anadanganyika huyu kuliko nilivyodhani.

Nilianza kwa dakika thelathini ili anyooke. Leo zilitosha kumi. Saa yangu nayo imeanza kuharibika.

Mke wangu kaniona narudi naye alfajiri. Kasema, "Mume wangu, kumbe unasikia ukiambiwa." Nikamwingiza Kishindo bandani. Hila haisimuliwi.

Jumapili, 30 Machi

Nimedhalilishwa. Daktari alisema saa tatu. Nikamtembeza Kishindo mapema, akanyooka, nikamrudisha bandani, tukasubiri. Saa tatu hakuna mtu. Saa tano hakuna mtu. Kafika saa nane, anasema gari lilipata pancha. Farasi wangu keshasimama saa sita nzima. Hila imepoa.

Nikaomba nimzungushe kidogo kwanza. Daktari kakataa, anataka kumwona akitoka hivihivi. Shemeji kasimama mlangoni na kamba yake, anatabasamu. Nikamsogelea Kishindo, nikamnong'oneza kwamba kwa shemeji hakuna karoti. Nikamkumbatia shingo mpaka nikapiga chafya. Vumbi la majani.

Katoka. Katembea. Daktari kataka mchakamchaka, kachakarika. Goti limekunjwa, hakushtuka. Daktari kasema anabaki, anaweza kupandwa na watu wepesi, na kwamba amefurahi sana. Niendelee vivyo hivyo.

Mke wangu kanishika mkono mbele ya watu. Shemeji kasema hongera, kwa sauti ya mtu anayetafuna kokoto.

Mimi najua kilichomponya. Ni ile kamba. Kaiona, kaogopa kuhama, akapona papo hapo. Kumbe muda wote alikuwa anadeka, na mimi alfajiri zangu zote zimeteketea bure kwa hila ambayo hata haikuhitajika.

Alhamisi, 3 Aprili

Kishindo kapona, basi apumzike. Sijamtembeza tangu Jumapili. Karoti za unga nimezisimamisha. Pumba ndoo nzima, anastahili.

Leo asubuhi katoka bandani akiburuta mguu.

Nimempigia simu daktari, nikamweleza bila kumung'unya maneno kwamba kazi yake haikudumu hata siku nne. Kaniuliza kwa upole nilikuwa nikimtembeza kiasi gani. Nikamwambia sana, kila siku, mpaka alipopona.

Kaniomba nimpe mke wangu simu. Ukiwabana kidogo tu, wanatafuta mtu mwingine wa kuongea naye.